Thomas Mofolo: Mwandishi Aliyemvua Chaka Vazi la Sifa

Kila taifa lina shujaa wake wa kale, na kila shujaa ana watu wake wa kumsifu. Wapo watunzi wa tenzi, wapo manju wa ngoma, wapo wazee wa barazani; na kazi ya wote hao ni kumkweza shujaa hata akawa mrefu kuliko miti na mkali kuliko simba. Mikuki yake huhesabiwa, ng'ombe alioteka huhesabiwa, na maadui aliowaangusha huhesabiwa pia. Ni nadra kumpata mtu aliyethubutu kuketi chini na kuuliza swali la mjane: je, ushindi huu ulilipiwa na nani? Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja wa namna hiyo, Thomas Mokopu Mofolo wa Lesotho, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliichukua hadithi kuu ya Chaka, mfalme wa Wazulu, akaivua vazi lake la sifa, na kuisimulia upya pamoja na damu, njaa na machozi yake.

Mofolo alizaliwa tarehe 22 Desemba, 1876, mahali paitwapo Khojane, wilaya ya Mafeteng, katika nchi ambayo siku hizo iliitwa Basutoland, na ambayo tangu mwaka 1868 ilikuwa chini ya Waingereza. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Alipokuwa bado mdogo jamaa yake ilihamia bonde la Qomoqomong, wilaya ya Quthing, kusini mwa nchi, akakulia huko penye milima mirefu na baridi kali.

Ili kumfahamu Mofolo yafaa kwanza kuifahamu nchi iliyomzaa. Alipozaliwa yeye, Chaka alikuwa amekwisha kufa miaka 48 tu. Kwa hiyo walikuwapo bado wazee waliozikumbuka siku zile ambazo Wasotho huziita lifaqane, yaani siku za vita vya kufukuzana, ambapo makabila yaliyosukumwa kutoka pwani ya mashariki yaliivuka milima ya Drakensberg na kuwaangukia waliokaa upande wa pili. Mashamba yalichomwa, ghala zikaporwa, na ng'ombe wakachukuliwa wote. Watu walikufa njaa njiani, na wengine, kwa kukosa kabisa cha kutia kinywani, wakaanza kula nyama ya binadamu wenzao.

Jambo hili halikuwa hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 1824 Mfalme Moshoeshoe, mwasisi wa taifa la Wasotho, alipokuwa akiwahamisha watu wake kwenda katika ngome ya mlima wa Thaba Bosiu, babu yake aliyeitwa Peete alikamatwa njiani na wala watu, akaliwa. Baadaye wala watu hao walipoangukia mikononi mwa Moshoeshoe, wengi walitazamia kwamba atawaua. Yeye aliamuru wafanyiwe tambiko la kutakaswa kama lifanywavyo juu ya kaburi, kwa kuwa matumbo yao ndiyo yaliyokuwa kaburi la babu yake, kisha akawasamehe. Mtoto wa Kisotho aliyelelewa juu ya kumbukumbu kama hizo hawezi kuitazama vita kwa macho ya mtunzi wa sifa. Watu wake walikuwa upande wa waliopigwa na kukimbia, wala hawakuwa upande wa waliogawana ngawira.

Tangu mwaka 1833 nchi hiyo ilikuwa na wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa, ambao makao yao makuu yalikuwa Morija. Hapo Morija walijenga shule, wakaweka mitambo ya kupiga chapa, na mwaka 1863 wakaanzisha gazeti la Kisotho liitwalo Leselinyana la Lesotho. Kijana Mofolo alifika huko, akatumika kwanza nyumbani kwa mmisionari Alfred Casalis, ambaye aliutambua upesi wepesi wa akili yake na kumsaidia kuendelea na masomo. Alisoma shule ya Biblia, kisha akaingia chuo cha walimu, na mwaka 1898 akapata cheti chake cha ualimu.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyomjenga. Aliajiriwa katika Ghala ya Vitabu vya Kisotho hapo Morija, akawa mmoja wa watu waliosoma na kusahihisha maandishi kabla ya kupigwa chapa. Vita vya Makaburu na Waingereza vilivyoanza mwaka 1899 vilivuruga shughuli za misheni, naye akaondoka kwa muda. Akajifunza useremala huko Leloaleng, akafundisha shule, na mwaka 1904 akarudi Morija kwenye vitabu. Tunaona hapa mwandishi akifundwa kwa njia ya kale, kama fundi anayeanza kwa kufagia vumbi la karakana. Kabla hajaandika sentensi yake mwenyewe, alikuwa amekwisha kunyoosha maelfu ya sentensi za watu wengine.

Mwaka 1906 gazeti la Leselinyana lilianza kutoa kwa mfululizo hadithi yake ya kwanza, Moeti oa Bochabela, yaani Msafiri wa Mashariki, na mwaka 1907 ikatoka kuwa kitabu. Hiyo ni mojawapo ya riwaya za kwanza kabisa kuandikwa katika lugha ya Kiafrika kusini mwa bara letu. Yahusu kijana aitwaye Fekisi, ambaye amechoshwa na ulevi na ukatili wa watu wa kwao, anaondoka peke yake kumtafuta Mungu upande wa macheo. Wamisionari waliifurahia mno, na hapana ajabu, maana ilikwenda sambamba na mahubiri yao. Mwaka 1910 ikafuata Pitseng, hadithi ya elimu, uchumba na ndoa. Lau Mofolo angalikomea hapo, jina lake lingalibaki katika orodha za shule za misheni tu.

Lakini katikati ya vitabu hivyo viwili lilikuwapo jambo jingine lililomshughulisha. Mofolo alisafiri mpaka Natal, nchi ya Wazulu, akaenda kuyaona mahali yalipotendeka mambo ya Chaka na kukusanya habari zake. Aliporudi alianza kuandika, na mswada aliouleta mbele ya wakubwa wake huko Morija haukufanana na chochote walichokuwa wamekisoma kwa Kisotho.

Na tuseme kwanza machache juu ya Chaka wa historia, ambaye Wazulu wenyewe humwita Shaka. Alizaliwa yapata mwaka 1787, mwana wa Senzangakhona, mtawala wa ukoo mdogo wa Kizulu, na wa Nandi, mwanamke wa Walangeni. Mama na mwana walifukuzwa, wakaishi maisha ya kutangatanga na kudharauliwa. Kijana huyo akaingia katika jeshi la Dingiswayo, mfalme wa Wamthethwa, akajipatia sifa ya ushujaa, na baada ya baba yake kufariki, yapata mwaka 1816, akakitwaa kiti. Alieneza matumizi ya mkuki mfupi wa kuchomea karibu, akawazoeza askari kuzunguka adui kwa mpango wa pembe za ng'ombe, akawaweka vijana katika vikosi vya rika na kuwazuia kuoa mpaka awape ruhusa. Alimshinda Zwide wa Wandwandwe, aliyekuwa hasimu wake mkubwa, na katika muda wa miaka kumi hivi akageuza ukoo mdogo kuwa dola. Mwezi Septemba mwaka 1828 aliuawa na ndugu zake, Dingane na Mhlangana, pamoja na mtumishi wake Mbopha.

Juu ya mtu huyo palikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watunzi wa sifa wa Kizulu, ambao kazi yao ilikuwa kumpamba mfalme, naye akatokea katika tungo zao kama moto, kama ndege mla ndege wenzake, kama radi isiyozuilika. Ya pili ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kizungu waliofika Natal kuanzia mwaka 1824. Mmoja wao, Nathaniel Isaacs, alitoa kitabu mwaka 1836 kilichomchora Chaka kama zimwi tupu. Na imejulikana baadaye kwamba mwaka 1832 alimwandikia mwenzake, Henry Francis Fynn, kumshauri awaeleze wafalme wa Kizulu kwa ukatili kadiri awezavyo, ili kitabu chake kipate wanunuzi. Mmoja alipamba kwa ajili ya utukufu, mwingine alichafua kwa ajili ya fedha, wala hapana kati yao aliyemwona Chaka kuwa mtu.

Mofolo alimwona mtu, na hapo ndipo ulipo ukubwa wa kitabu chake. Anaanza na mtoto. Katika riwaya hiyo, Chaka ni mtoto aliyechukuliwa mimba kabla ya ndoa, na wake wengine wa baba yake, wakiisha kujifungua watoto wa kiume, wanamtisha mume wao kwamba wataifichua aibu hiyo asipomfukuza Nandi. Baba aliyempenda mwanawe anakuwa mwoga mbele ya wakeze. Mtoto anapigwa na wachungaji wenzake kila siku malishoni, naye anajifunza kupigana kwa kuwa hana mtetezi. Anamwua simba, na badala ya kushukuriwa anaonewa wivu. Anamwokoa msichana aliyebebwa na fisi usiku, na jambo hilo jema linamletea ugomvi na ndugu zake. Siku wanapomshambulia, baba yake mwenyewe anaamuru auawe.

Kijana huyo anakimbilia porini, akiwa na majeraha, peke yake. Hapo Mofolo anasimamisha hadithi na kutuingiza ndani ya moyo wake. Chaka anayapima mambo yote yaliyompata na kufikia uamuzi mmoja wa kutisha: kwamba duniani hamna haki, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye neno, na kwamba tangu siku hiyo yeye atatenda apendavyo wala hatauliza kama mtu ana kosa au hana. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu kuu ya riwaya yote. Mtunzi wa sifa angetuambia kwamba shujaa alizaliwa shujaa, na yule mfanyabiashara angetuambia kwamba mkatili alizaliwa mkatili. Mofolo anatuonyesha mtoto aliyeonewa hata akasadiki kwamba kuonea ndiyo sheria ya maisha.

Baada ya uamuzi huo, wala si kabla yake, anatokea mganga aitwaye Isanusi. Huyu anamwahidi Chaka ufalme mkubwa usiopata kuonekana, na anamtia dawa. Wasomaji wengi wamejiuliza kama mganga huyo ni shetani au ni sauti ya tamaa ya Chaka mwenyewe. Lililo wazi ni kwamba Isanusi hamlazimishi. Kila anapotaka bei kubwa zaidi, humwuliza kwanza, humpa muda wa kufikiri, na humkumbusha kwamba akitaka anaweza kuacha. Chaka anakubali kila mara. Na bei ya mwisho ni damu ya Noliwa, mchumba wake, dada yake Dingiswayo, ambaye alimpenda kwa moyo wake wote. Chaka anamwua kwa mkono wake mwenyewe. Noliwa huyo hayumo katika historia; Mofolo alimbuni, ili tuone kwa jicho moja kitu ambacho dola lile lilikigharimu.

Kuanzia hapo riwaya inaacha kabisa njia ya masimulizi ya sifa. Askari wanarudi vitani wamechoka, na wale waliopoteza mikuki yao wanauawa mbele ya wenzao kwa kuwa wameitwa waoga. Vijana wanakatazwa kuoa, nao wanazeeka katika kambi. Nchi zilizopitiwa na majeshi zinabaki mahame, mifupa imeenea porini, na waliosalimika wanakula watu. Kila mwenye kusifiwa na askari anatiliwa shaka. Mwishowe Chaka anamwua hata Nandi, mama aliyeteswa pamoja naye, aliyefukuzwa pamoja naye, na ambaye machozi yake ndiyo yaliyokuwa sababu ya kwanza ya hasira yake. Usiku halali tena. Ndoto zinamleta kila aliyemwua. Siku ndugu zake wanapomchoma mikuki, mganga yule anakuja kudai ujira wake.

Twatazama jinsi mwandishi anavyoyasimulia mambo hayo. Hapigi kelele, wala hamlaani Chaka kila ukurasa, wala hamtetei. Anaeleza kwa Kisotho kitulivu na chenye taratibu, kama mzee asimuliaye msiba uliompata jirani yake. Ukatili umewekwa wazi, lakini haukuwekwa ili msomaji aufurahie. Amemweka pia Dingiswayo karibu, mfalme anayepigana bila kuangamiza na anayewarudishia walioshindwa nchi yao, ili tusije tukasema kwamba siku zile wafalme wote walikuwa sawa na kwamba Chaka hakuwa na njia nyingine.

Kitabu hicho kiliwatia wamisionari katika mashaka makubwa. Baadhi yao waliona kwamba ni kazi ya kipaji cha pekee. Wengine waliogopa kwamba habari za waganga na dawa, zilizosimuliwa kwa uzuri namna ile, zitawarudisha Wakristo wapya katika mambo waliyoyaacha. Mswada ulikuwa tayari yapata mwaka 1910. Kitabu kilitoka mwaka 1925. Miaka 15 kilikaa kabatini! Na hata kilipotoka, sura mbili zilizoeleza historia na desturi za Wazulu zilikuwa zimeondolewa. Watu wale wale waliomfundisha kusoma na kuandika, waliompa kazi na kukipenda kitabu chake cha kwanza, ndio walioshika ufunguo wa kabati. Hatusemi hivyo kwa kuwatukana. Bila mtambo wao wa chapa huenda tusingekuwa na Mofolo hata kidogo. Twasema ili ifahamike kwamba mwandishi asiye na mtambo wake hunena kwa ruhusa ya mwenye mtambo.

Mofolo hakungoja kabatini pamoja na mswada wake. Mwaka 1910 aliondoka Morija, na kwa vitabu vya hadithi ikawa kama kwamba amekata kalamu. Akawa mtu wa biashara. Aliendesha mashine ya kusaga nafaka, akawa na duka, na kwa miaka kadhaa akafanya kazi ya uwakala wa kuandikisha manamba wa kwenda migodini Afrika Kusini. Ni jambo la kufikirisha. Mtu aliyeandika juu ya vijana wa Kizulu waliokusanywa kambini wakakatazwa kuoa, aliishi katika zama ambazo vijana wa Kisotho walikuwa wakikusanywa kwa mkataba, wakapelekwa Johannesburg kuchimba dhahabu chini ya ardhi, wakalala katika kambi za wanaume watupu, wakawaacha wake na watoto milimani. Dola la Chaka lilikuwa limekwisha zamani. Kuwala vijana kulikuwa hakujakwisha.

Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 60, alinunua shamba huko Griqualand East, ng'ambo ya mpaka, katika Afrika Kusini. Yaelekea alitaka kumalizia uzee wake akiwa mkulima juu ya ardhi yake mwenyewe. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imewakataza Waafrika kununua ardhi nje ya sehemu walizotengewa, na sehemu hizo zilikuwa kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi yote. Sheria nyingine ya mwaka 1936 iliahidi kuziongeza zifike kama asilimia 13. Mofolo aliingia katika kesi, akalipoteza shamba na fedha zake. Mwaka 1940 alirudi Lesotho akiwa mtu aliyevunjika, kisha akapatwa na maradhi ya kupooza. Alifariki tarehe 8 Septemba, 1948. Miezi michache kabla ya hapo, mnamo Mei mwaka huo huo, chama cha Makaburu kilichotangaza siasa ya ubaguzi kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa Afrika Kusini. Basi yule aliyeandika juu ya nguvu isiyouliza haki alimaliza maisha yake akiwa ameonja nguvu hiyo mwenyewe, safari hii ikiwa imevaa joho la hakimu badala ya ngozi ya chui.

Kitabu chake kilikuwa kimekwisha kupata miguu. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1931 na kwa Kifaransa mwaka 1940, na mwaka 1981 Daniel Kunene akatoa tafsiri mpya ya Kiingereza. Kupitia tafsiri ya Kifaransa kilifika Afrika ya Magharibi. Léopold Sédar Senghor wa Senegali alitunga shairi la kuigiza juu ya Chaka, likatoka mwaka 1956, na Seydou Badian wa Mali akaandika mchezo juu ya kifo chake. Kwa waandishi hao, waliokuwa katika mapambano ya kuung'oa ukoloni, Chaka alikuwa mjenzi wa taifa na mfano wa Mwafrika asiyepiga magoti. Mwaka 1979 Mazisi Kunene, mshairi wa Kizulu aliyekuwa uhamishoni, alitoa utenzi mrefu unaomrudishia Chaka heshima ya kiongozi na mwanamkakati, bila mganga wala mkataba wa damu. Mwaka 2002 kitabu cha Mofolo kiliwekwa katika orodha ya vitabu kumi na viwili bora zaidi vya Afrika vya karne ya 20.

Wapo waliomlaumu Mofolo. Wamesema kwamba yeye, Mkristo wa misheni na Msotho, aliwapa wakoloni silaha ya kumtukania shujaa wa Afrika. Lawama hiyo si ya kudharauliwa, na yafaa ijibiwe. Wanahistoria wa leo hawamtwiki Chaka peke yake mzigo wa misukosuko yote ya siku zile. Wanataja pia ukame mkali wa mwanzoni mwa karne ya 19, biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa katika ghuba ya Delagoa, na uvamizi wa walowezi. Hata kifo cha Nandi, kilichotokea mwaka 1827, wengi hukihesabu kuwa cha maradhi. Mofolo mwenyewe, msomaji mmoja alipomkosoa kwa makosa ya historia, alijibu katika Leselinyana mwaka 1928 kwamba yeye hakuandika historia. Aliandika hadithi, akaongeza na kupunguza kwa kadiri ya shabaha yake. Basi atafutaye tarehe na akatafute kwa wanahistoria.

Lakini twaona kwamba lawama hiyo inaupita ukweli mmoja. Chaka wa Mofolo hafanyi maovu kwa sababu ni Mwafrika. Anayafanya kwa sababu alionewa, akapata nguvu, na kila alipopewa nafasi ya kusimama akachagua kwenda mbele. Mambo hayo hayana kabila wala rangi. Yamewapata wafalme wa Ulaya na wa Asia, na yamewapata watawala wengi wa zama hizi. Anayemdharau mtu humwita mnyama. Mofolo hakumwita Chaka mnyama, alimwita mtu, akamdai hesabu kama adaiwavyo mtu. Tena akafanya hivyo kwa Kisotho, akiwaandikia Wasotho, wajukuu wa wale waliokimbia.

Nasi wa sehemu hizi tuna haki ya kukisoma kitabu hicho kama habari za jamaa. Mawimbi ya siku zile yalifika mpaka kwetu. Zwangendaba, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa upande wa Zwide, aliwaongoza watu wake kukimbilia kaskazini, akauvuka mto Zambezi mwezi Novemba mwaka 1835, akafika mpaka Ufipa, akafia huko yapata mwaka 1848. Watu wake wakagawanyika, na ndio Wangoni tunaowajua wa Songea, wa Malawi na wa mashariki mwa Zambia. Walikuja na mkuki mfupi na ngao, wakawafanyia wenyeji waliowakuta mambo yale yale waliyofanyiwa wao walikotoka. Na katika vita vya Majimaji, vya 1905 mpaka 1907, wajukuu wao wa Songea walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi mikononi mwa Wajerumani. Aliyefukuzwa akafukuza, naye akaja akafukuzwa. Hesabu hiyo ndiyo Mofolo aliyoiandika.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Tangu kale tungo za sifa zimekuwa zikihesabu tembo. Thomas Mofolo aliinama akazihesabu nyasi, wala hakumdhulumu tembo, kwa maana alikumbuka kwamba naye alikuwa ndama aliyepigwa. Vijana wetu wanaoshika kalamu kuandika juu ya mashujaa wa makabila yetu, nao ni wengi na wanastahili kuandikwa, wangefaidika sana kwa kumsoma mzee huyu wa Lesotho. Wasione haya kuwapenda mashujaa wao, wala wasiogope kuwauliza bei.